Silinda namba 3 inazidi joto: shajara ya kurekebisha upepo chini ya boneti

Hali ilivyo

Injini inawaka bila kubembelezwa, oili haivuji, na ndege yenyewe inaruka kama ilivyochorwa. Kilichobaki ni joto. Ndege ikipaa, silinda namba 3 inapanda mpaka rubani anaacha kutazama nje na kuanza kuitazama geji.

Ndege ni ya kujiundia, injini ni Lycoming O-320 ya nguvu farasi 160: silinda nne zilizolala, mbili kila upande, zinazopozwa na hewa. Ukiwa kwenye kiti cha rubani, namba 1 iko kulia mbele, namba 2 kushoto mbele, namba 3 kulia nyuma, namba 4 kushoto nyuma. Nyuma ya namba 4, kwenye bati la nyuma la kuelekeza hewa, imefungwa rejeta ya oili.

Safari ya kupimia nimeipanga iwe rahisi kurudia: nguvu zote, mchanganyiko umejaa mafuta, spidi 165 km kwa saa bila kuibadili, kutoka uwanjani mpaka mita 1,200 juu yake. Baada ya hapo mwendo wa kawaida wa safari hadi joto litulie. Nimejiwekea mpaka wa nyuzi 235. Hedi yoyote, yaani kichwa cha silinda, ikifika hapo, pua inashuka na jaribio limekwisha. Siku ya kwanza uwanjani kulikuwa na nyuzi 27. Mwisho wa kupaa hedi zilisoma hivi, kwa Selsiasi:

Namba 1: 198
Namba 2: 212
Namba 3: 229
Namba 4: 208

Kikomo cha mtengenezaji kwa hedi za injini hii ni nyuzi 260, yaani 500 za Fahrenheit. Hicho ni kikomo cha kutovukwa, si mahali pa kuishi. Lycoming wenyewe wanashauri ubaki chini ya 224 (435 za Fahrenheit), na kwa anayetaka silinda zidumu, chini ya 205 (400 za Fahrenheit). Alumini ya hedi inapozidi kupanda juu ya 200 inapoteza nguvu yake kwa haraka, na hedi ndiyo inayoshika viti vya valvu na nyuzi za plagi. Mimi nataka zote nne ziwe chini ya 205 mwisho wa kupaa, siku ya joto.

Kinachonishughulisha zaidi ya ile 229 ni pengo la nyuzi 31 kati ya namba 1 na namba 3. Injini nzima ikichemka, hewa ni haba. Ikichemka silinda moja na jirani yake ametulia, hewa ipo ila inapita kwingine. Kwa namba hizi, inaelekea ninayo yote mawili.

Jambo moja la hesabu kabla sijaendelea: joto la hedi hufuata joto la nje karibu nyuzi kwa nyuzi. Kila namba nitakayoandika huku chini nimeileta kwenye siku ya nyuzi 27. Nikiruka asubuhi ya nyuzi 22, naongeza tano. Bila hivyo, mtu anaweza kusherehekea baridi ya asubuhi akidhani ni kazi ya mikono yake.

Kabla ya kugusa bati

Kuna mambo yanayopandisha joto la hedi ambayo hayahusiani na upepo, na ni rahisi kuyapima kuliko kukunja bati. Taimingi: bamba la injini yangu linataka nyuzi 25 kabla ya pistoni kufika juu, na magneto zote mbili, zile mashine zinazotoa cheche, ziko hapo hapo. Cheche ikitangulia zaidi ya hapo, hedi zote zinalipa. Mabomba ya kuingiza: silinda yenye gasketi iliyopasuka inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta, mchanganyiko wake unakuwa mwembamba, joto linapanda. Nimekaza, nimepuliza hewa, nimepaka maji ya sabuni. Hakuna povu. Joto la ekzosi la namba 3 nalo linakaa katikati ya wenzake, kwa hiyo haili mchanganyiko tofauti.

Halafu geji yenyewe. Nilibadilishana themokapo, yaani waya za kupimia joto, za namba 1 na namba 3, nikaruka tena. Joto halikuhama na waya, lilibaki kwenye silinda. Anayefuata njia hii aangalie pia kwamba zote nne ni za aina moja: ile ya pete inayokaa chini ya plagi haisomi sawa na ile inayochomekwa kwenye tundu la hedi, na ukichanganya aina hizo mbili utakuwa unafukuza tofauti ya vifaa, si ya silinda.

Vyumba viwili

Mwenzangu tunayemiliki naye ndege hii alikuja karakanani na mkasi wa bati mkononi. "Bwana, tupanue midomo ya mbele tumalize. Hewa nyingi, joto kidogo." Nikamwomba anipe muda wa kupima kwanza, kwa sababu fibaglasi iliyokatwa mbele ya boneti hairudishwi kwa kusugua.

Injini ya namna hii haipozwi na upepo unaoipiga usoni. Inapozwa na tofauti ya presha. Boneti pamoja na mabati yanayozunguka silinda vinaigawa nafasi ya injini kuwa vyumba viwili: cha juu, ambamo hewa ya mbele inaingia na kupunguzwa mwendo hadi mwendo wake ugeuke presha, na cha chini, ambacho kinatokea nje kupitia uwazi ulioko chini ya ukuta wa moto, ule unaoitenga injini na chumba cha rubani. Hewa inashuka kutoka juu kwenda chini kwa kupenya kati ya mapezi, yale mabamba membamba yaliyojipanga kwenye silinda, na inashuka tu kwa kadiri presha ya juu inavyoizidi ya chini. Ukiongeza mdomo wa mbele huku chumba cha chini kimejaa, hewa ya ziada itakataa kuingia, imwagike kando ya boneti, na umejinunulia ukinzani wa hewa bure.

Hapo ndipo kupaa kunapokuwa kugumu. Presha ambayo mwendo unaweza kuizalisha hukua kwa mraba wa spidi. Kwa 165 km kwa saa ni kama milimita 131 za maji, yaani kimo cha maji ambacho presha hiyo inaweza kukiinua, basi. Kwa 270, mwendo wangu wa safari, ni zaidi ya 350. Yaani wakati wa kupaa injini inatoa nguvu zote na kudai hewa nyingi kuliko wakati wowote, ilhali mfukoni nina karibu theluthi moja tu ya presha ya safarini. Watu wa fani hii kwa injini za ukubwa huu hulenga tofauti ya inchi 5 hadi 6 za maji kati ya vyumba viwili, ambayo ni milimita 127 hadi 152. Ukiiweka karibu na ile 131 unaona mara moja kwamba hakuna nafasi ya kuvujisha.

Kipima mwendo cha akiba

Bomba la maji lenye umbo la U hupima presha vizuri juu ya meza, lakini ndani ya ndege inayorukaruka maji hayatulii. Nikatumia kipima mwendo cha akiba. Kile ni kipima tofauti ya presha kilichochorwa kilomita usoni, na kwa kuwa kimerekebishwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ubadilishaji ni mmoja siku zote: mwendo kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa 0.6125, unapata paskali. Gawanya kwa 9.81 upate milimita za maji.

Chumba cha juu nimewekea mrija mwembamba wa alumini, umezibwa mwisho, umetobolewa vitundu vingi kando ili usome wastani wa chumba badala ya upepo wa sehemu moja. Chumba cha chini vivyo hivyo. Mipira miwili inapita kwenye ukuta wa moto, ule wa juu unaingia upande wa presha wa kipima mwendo, ule wa chini upande wa pili. Ukitaka kujua kila chumba peke yake, unakilinganisha na mstari wa presha ya nje ya ndege.

Kwa spidi ya 165, kipima mwendo cha akiba kilisoma 115. Hiyo ni milimita 64 za maji, nusu ya ninachohitaji. Lakini vipimo vya chumba kimoja kimoja ndivyo vilivyosema zaidi. Chumba cha juu kilikuwa na milimita 98 juu ya presha ya nje, robo tatu ya ile 131 inayopatikana. Chumba cha chini kilikuwa na 34. Ile 34 ndiyo iliyonifungua macho: hewa moto imesongamana chini, haitoki. Mwenzangu alisoma namba, akarudisha mkasi kwenye sanduku.

Taa gizani

Kazi ya kwanza ni matundu. Usiku, boneti imefungwa zote mbili, niliingiza taa ndogo chumba cha chini kupitia uwazi wa kutokea, nikachungulia kupitia midomo ya mbele. Popote mwanga unapopita bila kupitia mapezi, hewa nayo inapita. Hewa ni mbuzi aliyeona pengo uani: hatazunguka kutafuta mlango.

Mwanga ulionekana mahali pengi kuliko nilivyotarajia. Kati ya pua ya kreki kesi (kasha la katikati ya injini) na bati la mbele, upenyo wa nusu duara mzima. Kwenye matundu ya nyaya za plagi. Pale mabati yanapokutana na kreki kesi katikati ya silinda. Kando ya rejeta ya oili, ambapo fremu yake haikulala sawasawa juu ya bati. Na kona ya nyuma kulia, juu ya namba 3 hasa, mwanga ulikuwa mpana wa kupitisha kidole.

Kona ile nilifungua boneti ya juu nikaitazama kwa karibu. Utepe wa silikoni unaoziba kati ya bati na boneti huacha alama nyeusi ya msuguano kwenye rangi nyeupe ya ndani ya boneti. Alama ilitoka kushoto ikiwa imenyooka kama imechorwa kwa rula, ikafika karibu na kona ya kulia, ikakatika kiasi cha shibiri, kisha ikaanza tena. Katika lile pengo utepe ulikuwa umejikunja kwa nje. Utepe huu unatakiwa ujikunje kuelekea ndani, upande wenye presha, ili presha yenyewe iubane dhidi ya boneti. Ukigeukia nje, presha inaufungua kama kifuniko, na kadiri ndege inavyokwenda kasi ndivyo unavyofunguka zaidi.

Kona nimeikatia utepe mpya mpana zaidi, vipande viwili vinavyolaliana, bila kuuvuta wakati wa kupiga ribiti; utepe uliovutwa hujikunja mawimbi na kila wimbi ni tundu. Vitundu vidogo nimeziba kwa silikoni nyekundu ya joto kali. Pua ya kreki kesi imepata bati lake lenye utepe. Rejeta imekaa juu ya gasketi.

Safari iliyofuata, kipima cha akiba kilisoma 128, milimita 79. Hedi: 194, 207, 221, 204. Kuziba peke yake, bila kukata chochote, kumeondoa nyuzi nane kwenye namba 3. Tanbihi kwa wanaodhani kuziba ni kazi ya urembo.

Mapezi

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko pote, na kama ningekuwa na siku moja tu ya kufanya kazi, ningeipeleka hapa.

Hedi za silinda hizi ni za kutupwa, na chuma cha kutupwa au alumini ya kutupwa huacha ndimi nyembamba pale vipande vya kalibu vilipokutana. Kati ya pezi na pezi, ndani kabisa kuzunguka tundu la plagi na kati ya valvu, zinaweza kuwepo ndimi zinazofunga njia nusu au kabisa. Kwa macho huzioni. Nilichukua waya mwembamba wa chuma nikaupitisha kwenye kila njia kutoka juu hadi chini, nikiweka alama ya kalamu palipogoma. Namba 3 iligoma njia kadhaa, namba 1 mbili tu. Nimezifungua kwa keekee ya biti ndefu nyembamba na tupa bapa, polepole, biti ikifuata njia iliyopo. Huli pezi lenyewe, na huachi mkwaruzo mkali chini ya pezi, kwa sababu ufa huanzia hapo. Matundu ya plagi na ya kuingizia hewa yalizibwa muda wote. Chembe za alumini ndani ya silinda ni balaa jipya.

Halafu likaja lile jambo la maumbile ya hedi. Hedi ya kulia na ya kushoto ni moja, imegeuzwa tu. Upande wake mmoja una mapezi marefu, upande wa pili mafupi sana, karibu bapa. Matokeo yake ni kwamba upande mfupi wa namba 1 na wa namba 4 unatazama silinda ya jirani, ambako kuna nafasi ya kupita. Wa namba 2 unatazama mbele, na wa namba 3 unatazama nyuma, ana kwa ana na bati. Bati likibanwa pale kama linavyokaa lenyewe, linalala juu ya mapezi mafupi na kufunga njia. Nilishusha taa nyuma ya namba 3 nikatazama kutoka chini: ule mstari wa mwanga kati ya bati na hedi ulikuwa mwembamba kuliko bati lenyewe. Upande mzima wa hedi ulikuwa hauna pa kupitishia hewa.

Wajenzi wengi hutatua hili kwa washa, vile vipete bapa vya boliti: unalegeza boliti ya bati nyuma ya namba 3, unaweka washa kadhaa kati yake na hedi, pengo linafunguka. Inafanya kazi, lakini hewa inayopita pale inaweza kuanguka moja kwa moja bila kuegemea mapezi ya chini. Mimi nimekata dirisha kwenye bati na kulifunika kwa nyuma na kibati kilichofinyangwa kama kijaluba, kina cha milimita tisa juu kikipungua hadi kufa pale mapezi ya chini yanapoanza kuwa marefu. Hewa inaingia juu, inashuka ikiwa imebanwa kwenye hedi, inatokea chini. Mbele ya namba 2 nimefanya mfano wake, kidogo zaidi kwa sababu pale boneti iko karibu.

Mwisho, mabati ya chini. Kati ya silinda mbili za upande mmoja kuna bati lililokunjwa ambalo kazi yake ni kuikumbatia silinda ili hewa iendelee kugusa mapezi mpaka nusu ya chini, itoke kwenye mwanya mwembamba. La kulia lilikuwa linachezacheza. Fimbo inayolivuta ilikuwa ndefu kiasi cha kuliacha litoke sentimita nzima. Bati likilegea hivyo hewa inagusa paji la silinda tu na kushuka zake. Nimefupisha fimbo, nikakaza, nikafunga waya wa usalama.

Matokeo: 192, 200, 209, 203. Kipima cha akiba kimeshuka kidogo, kutoka 128 hadi 126. Mwenzangu aliona ile 126 akakunja uso. Lakini kushuka huku ni kwa kheri: nimefungua njia zilizokuwa zimeziba, hewa nyingi zaidi inapita kati ya vyumba, lazima presha ilegee kidogo. Presha ni njia ya kufikia joto. Hedi ndiyo inayotoa hukumu.

Vizuizi vya mbele

Mbele ya namba 1 na namba 2 kuna vibati vilivyosimama vinavyozuia hewa isizimwagikie silinda hizo peke yake, ili nyingine iruke ifike nyuma. Ukivipunguza, za mbele zinapoa na za nyuma zinapata joto. Kata ni ya mwisho, kwa hiyo nilicheza na mkanda wa alumini kwanza. Nimeongeza kizuizi cha namba 1 kimo cha sentimita moja na nusu. Namba 1 imepanda nyuzi nne, namba 3 imeshuka tatu. Biashara nzuri. Namba 2 nimeiacha.

Nyuzi za sufi

Chumba cha juu bado kilikuwa hakifikii presha inayostahili, ingawa matundu yameziba. Nilibandika nyuzi fupi za sufi kwenye dari ya ndani ya boneti nyuma ya mdomo wa kulia, nikafunga kamera ndogo inayozitazama. Za karibu na mdomo zimelala zikielekea nyuma. Zilizofuata zilikuwa zinazunguka ovyo, na moja au mbili zinaelekea mbele. Maana yake hewa ikishaingia inaachana na dari: dari inapanda ghafla mno, hewa haiwezi kuifuata, inavunjika kuwa vurugu, na vurugu haligeuki presha. Njia ya kupunguza mwendo wa hewa inatakiwa ipanuke taratibu.

Nimejaza dari kwa povu jepesi, nikalichonga mteremko mpole, nikafunika kwa tabaka mbili za fibaglasi na epoksi. Ukingo wa mdomo nao, uliokuwa mkali, nimeunenepesha ukawa wa mviringo, kwa sababu wakati wa kupaa hewa inaingia kwa pembe na ukingo mkali unaichana. Eneo la mdomo halikuongezeka. Kwenye kamera, nyuzi sasa zimelala karibu zote.

Kutokea

Midomo miwili ya mbele ina jumla ya sentimita za mraba 380. Uwazi wa kutokea, nikiondoa nafasi inayoliwa na mabomba mawili ya ekzosi, ulikuwa 330. Hewa ikipita kwenye injini inapata joto la nyuzi hamsini na kitu, sitini, na kutanuka kwa karibu asilimia 20. Inayotoka inadai nafasi kubwa kuliko iliyoingia, nami nimeipa mlango mwembamba. Zile milimita 34 za chumba cha chini zilikuwa zinasema hivyo tangu siku ya kwanza.

Kulikuwa na jambo la pili. Ukuta wa moto unakutana na tumbo la ndege kwa kona ya mraba. Hewa inayoshuka kando ya ukuta inatakiwa igeuke nyuzi 90 kwenye ukingo ule, haiwezi, inajikusanya. Nimetengeneza bati la chuma cha pua lililopinda kwa duara pana, linaanzia juu kidogo ya ukingo na kumalizikia chini ya tumbo. Baada ya hapo ndipo nikapanua uwazi hadi sentimita za mraba 450 na kuongeza mdomo wa alumini kwenye ukingo wa boneti ya chini, ulioinama kuelekea chini, ili upepo wa nje ukiupita uvute presha ya chumba cha chini ishuke. Mdomo umefungwa kwa boliti, si ribiti.

Katika hili kila mtu analipa. Mwaka 1928 maabara ya NACA, shirika la Marekani la utafiti wa ndege, kule Langley, Fred Weick akiongoza kazi, walionyesha kwamba kuifunika injini ya hewa kwa boneti iliyobuniwa vizuri hupunguza sana ukinzani huku ikiendelea kupoa, na kazi ile ikapata Collier, tuzo ya usafiri wa anga ya Marekani, ya mwaka 1929. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba boneti ikitoa hewa vibaya, kila kilo inayopita ndani ni mzigo. Mdomo wangu ulipoinama kwa nyuzi 30, mwendo wa safari ulipungua kilomita 6 kwa saa. Nimeupunguza urefu kwa nusu na pembe hadi 15, nikarudishiwa kilomita nne, na joto la kupaa likapanda nyuzi mbili tu.

Vipimo vya hali hii ya mwisho, kwa 165 km kwa saa: chumba cha juu milimita 118, cha chini 14, tofauti 104, kipima cha akiba kinasoma 147. Hedi:

Namba 1: 187
Namba 2: 190
Namba 3: 196
Namba 4: 192

Oili nayo imeshuka mwisho wa kupaa kutoka 104 hadi 93, bila rejeta kuguswa zaidi ya ile gasketi. Kikomo chake ni 118.

Spidi ya kupaa

Milimita 104 bado hazijafika 127, na kwa 165 sitazifikia, kwa kuwa mwendo wenyewe hauna cha kutoa. Nimejaribu kupaa kwa 195. Presha inayopatikana inapanda kwa asilimia 40, kipima cha akiba kinasoma 174, milimita 146. Namba 3 inaishia 186. Ninachopoteza ni mwinuko kidogo wa kupaa baada ya kuvuka vizuizi vya mwisho wa uwanja, na pua ikiwa chini ninaona mbele. Kwenye orodha ya ukaguzi nimeandika: 165 hadi mita 150, baada ya hapo 195.

Kilichobaki

Ardhini. Ndege ikisubiri zamu kwenye njia ya kuelekea uwanjani hakuna mwendo wa kuzalisha presha, na mzizi wa propela, ulio mbele ya midomo, unasukuma hewa kidogo sana. Hedi zinapanda polepole hata kwa mzunguko wa chini. Kwa sasa naielekeza pua kwenye upepo, ukaguzi wa magneto naufanya haraka, na sianzi kuruka namba 3 ikiwa juu ya 150. Nitapima kama kutoboa luva nne, yaani mipasuo ya kutolea hewa, nyuma ya boneti ya juu kunasaidia hewa moto ipande na kutoka ndege ikiwa imesimama. Hofu yangu ni kwamba luva hizo hizo zitavujisha chumba cha juu angani, kwa hiyo kwanza nitazitoboa kwenye kipande cha bati kinachofunika kifuniko cha oili, ambacho kikishindwa kinabadilishwa kwa skrubu nne. Mirija ya presha inabaki ndani mpaka jaribio hilo liishe, na boneti haiendi kupakwa rangi kabla yake.